Ndizi Iliyokatika: Namna ya Kuishi na Mtoto wa Miaka Miwili

Mpe mtoto wa miaka miwili nusu ya ndizi bogoya uone. Wewe umeona ndizi iliyogawanywa ili imtoshe. Yeye ameona ndizi iliyoharibika. Ataisukuma, atalia, atataka irudi ilivyokuwa, na ukijaribu kuviunganisha vipande kwa mkono atalia zaidi, maana mpasuko bado anauona. Watu wazima huita jambo hili ukaidi au kudeka. Si ukaidi. Kwake ndizi ni kitu kizima chenye mwanzo na mwisho, kama kikombe, na kikombe kikivunjika hakuna anayesema sasa tumepata nusu kikombe.

Dawa yake iko sokoni. Nunua zile ndizi ndogo tamu, ndiizi, badala ya bogoya. Ndiizi moja nzima inamtosha, na kwa kuwa ni nzima ataipokea bila kesi. Kabla ya kuimenya muulize: "Nikumenyee, au utamenya mwenyewe?" Akisema mwenyewe, kata kichwa kwa kisu na uvute ganda sentimita mbili tu, aendelee kutoka hapo. Kama nyumbani kuna bogoya peke yake, ikate jikoni kabla hajaiona na umletee vipande sita katika sahani. Hapo haoni ndizi iliyokatika, anaona vipande, na vipande kwake ni chakula kingine kabisa.

Mtoto wa kati ya miezi 15 na miaka mitatu na nusu anaishi katika nyumba ile ile unayoishi wewe, ila ukubwa, muda, maneno na vitu amevipigia hesabu nyingine. Hesabu hiyo ina mantiki na inatabirika. Ukishaijua, utabadilisha kikombe, neno au saa ya kutoka, na vilio vingi vya siku havitaanza.

Keti sakafuni kwanza

Mtoto aliyetimiza miaka miwili ana urefu wa sentimita 86 hivi, na macho yake yako karibu sentimita 75 kutoka chini. Chukua futi ya fundi cherehani, pima sentimita 75 ukutani, utie alama ya chaki. Kisha keti sakafuni, miguu umeinyoosha. Macho yako sasa yako karibu na alama hiyo. Kaa hivyo dakika tano katika kila chumba, na uani pia.

Utaona upande wa chini wa meza, ambao haufutwi na mtu. Utaona kitambaa cha meza kikining'inia kama kamba, na kamba ni ya kuvutwa. Kwamba juu ya kitambaa kuna chupa ya chai, kwa pale alipo hakuonekani. Utaona waya wa chaja, tundu la umeme lililo sawa na pua yake, na mpini wa sufuria uliojitokeza kama unaomba kushikwa. Kitambaa kiondoe mpaka akue. Vikombe vya moto visogeze sentimita 45 ndani kutoka ukingoni, kwa sababu akisimama kwa vidole mkono wake unafika mbali kuliko unavyokadiria. Mipini yote ielekee ukutani.

Sigiri inahitaji kuangaliwa peke yake. Kwa mtu mzima iko chini, kitu cha kuinamia. Kwa mtoto mdomo wa moto uko pale mikono yake inapofika, ni mwekundu, unatoa cheche, na mama yake hukaa karibu nao kutwa. Hakuna kitu kizuri kuliko hicho katika ua mzima. Wengi huchora duara la majivu na kumwambia asilivuke. Duara hilo humsaidia mama kukumbuka, lakini mtoto wa chini ya miaka mitatu halishiki: analijua, anaweza hata kukutajia, kisha analivuka kwa sababu mpira umeingia humo. Weka kizuizi cha kweli, ubao wa kimo cha sentimita 75 mlangoni mwa jiko, au pika upande mmoja wa ua wakati mtu mwingine yuko naye upande wa pili. Akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala yai, na usitumie barafu. Kukitokea malengelenge, au akiungua usoni, mikononi au sehemu za siri, nenda kituo cha afya hata kama amenyamaza.

Sokoni hesabu ni ile ile. Wewe ukiwa katika masoko ya Kampala, Owino au Nakasero, unaona nyanya, bei na nyuso. Yeye anaona magoti, mifuko inayompiga kichwani, na migongo ya watu. Uso wako umepotelea juu. Ndiyo maana analia "bila sababu" mara tu mnapoingia penye msongamano. Mbebe mgongoni kwa leso mpaka mtoke hapo. Pakishakuwa na nafasi, mshushe.

Ukubwa, umbo, na chupa ya soda

Siku moja atajaribu kukalia kiti cha mwanasesere. Atageuka, atashusha makalio kwa uangalifu wote, na kiti kitapinduka. Au atachukua kigari cha waya na kujaribu kuingiza mguu ndani yake, akiudhika kwamba hauingii. Mwaka 2004 Judy DeLoache na wenzake walieleza makosa haya katika jarida la Science, baada ya kuwatazama watoto wa miezi 18 hadi 30. Mtoto anakijua kitu ("hiki ni kiti") na anajua kitendo chake ("kiti kinakaliwa"), lakini ukubwa wa kitu hauingii katika uamuzi kwa wakati. Si dalili ya ugonjwa. Usimcheke kwa sauti kubwa, maana yeye yuko kazini. Mwache ajaribu mara mbili tatu, kisha msogezee kigoda chake.

Lakini shika jambo hili vizuri, kwa sababu lina upande wa hatari. Kama umbo ndilo linalomwambia kitu ni nini, basi chupa ya soda ni soda, hata ukiitia mafuta ya taa. Vidonge vyenye sukari juu ni peremende. Beseni la kufulia ni mahali pa kuogea. Mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia shambani zikae katika vyombo vyake vya asili, juu, pamefungwa. Usizihamishie kamwe katika chupa ya kinywaji. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, kwa sababu yakipanda tena huingia katika mapafu. Mkimbize kituo cha afya na chupa yenyewe mkononi. Unapompa dawa, usimwambie ni peremende ili ameze. Kesho ataitafuta peremende hiyo mwenyewe. Beseni likimaliza kazi limwage na uligeuze kifudifudi. Maji ya sentimita tano yanatosha kumzamisha mtoto aliyeanguka na uso mbele.

Karanga nazo, hata zile za kuchoma zinazouzwa kwa vikaratasi njiani, zisiwe zake mpaka apite miaka mitano. Kwako ni chakula kidogo. Kwa koo lake ni kizibo. Mpe binyebwa, mchuzi wa karanga zilizosagwa.

Mtoto akifika miaka mitatu au minne hesabu ya ukubwa inageuka, na sasa inahusu haki. Fanya jaribio hili mezani. Chukua bilauri mbili zinazofanana, uzijaze maji ya matunda sawasawa mpaka akubali kwamba ni sawa. Mbele ya macho yake, mimina moja katika bilauri nyembamba ndefu. Muulize ipi ina nyingi. Atakuonyesha ile ndefu, na mara nyingi ataendelea kujibu hivyo mpaka afike miaka sita au saba. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, ndiye aliyelifanya jaribio hili lijulikane. Yeye alilitumia kueleza namna akili inavyokua. Nyumbani linamaliza ugomvi wa ndugu: nunua vikombe vinavyofanana kabisa, umimine vyote viwili vikiwa vimekaa mezani wanapoviona kwa usawa wa macho, na chapati ya kila mmoja ikate vipande vinne, si mmoja vinne na mwingine viwili. Mwenye vipande viwili hatakuelewa hata ukimpimia kwa mizani.

Sahani

Bakuli la mililita 250 linatosha mlo mzima wa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka miwili, na pengine halimalizi. Anakula mara tatu au nne kwa siku, na katikati anapata kitu kidogo mara moja au mbili. Basi sahani ya mtu mzima yenye kilima cha posho, yaani ugali, si karamu kwake, ni kazi aliyopewa. Anza na vijiko viwili vya kila chakula. Akiomba tena umpe. Kuomba tena kunampendeza sana.

Usimchanganyie. Katogo, yaani matooke (ndizi za kupika) yaliyopikwa pamoja na kitoweo, kwa mtu mzima ni chakula kitamu kilichokwisha kufikiriwa. Mtoto wa miezi 20 anaona vitu vilivyojificha ndani ya vitu vingine, na katika umri huu ndipo anapoanza kuogopa chakula asichokijua. Weka matooke upande huu, binyebwa upande ule, avichovye mwenyewe. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuwekwa mbele yake mara kumi, hata kumi na tano, kabla hajakikubali, na kukinusa au kukigusa tu nako kunahesabiwa. Kinachoharibu ni kumlazimisha mara ya tatu, kwa sababu hapo chakula kinakumbukwa kwa vita. Halafu matooke yaliyotoka kwenye majani ya mgomba hudanganya: juu yamepoa, ndani yanachoma. Pasua kila bonge, ulijaribu kwa sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono wako.

Kikombe lazima kiwe kile kile. Kama ni chekundu, ni chekundu. Mtu mzima hunywa maji. Mtoto hunywa kikombe chekundu chenye maji. Nunua viwili vya rangi moja siku hiyo hiyo, kwa ajili ya siku kimoja kitakapopotelea uani.

Maneno yanayomchanganya

Kuna neno watu wazima wa huku Uganda hulisema wakiwa wanaondoka: "Nakuja!" Sote tunaelewa kwamba mtu anakwenda na atarudi. Sasa simama mahali pa mtoto. Mama anasema anakuja, na mgongo wake unatoka mlangoni. Sema kitendo chenyewe: "Naenda kuchota maji. Nitarudi na jerikeni." Ukirudi, mwonyeshe jerikeni. Baada ya siku chache za kuonyeshwa, kilio cha mlangoni hupungua, kwa kuwa neno lako limekuwa likitimia mbele ya macho yake.

"Sasa hivi" ni la pili. Kwetu linaweza kuwa dakika mbili, linaweza kuwa saa nzima. Kwake linasema sasa. "Dakika tano" nayo haina sura. Hajawahi kuiona dakika. Tumia vitu vinavyohesabika: "Mwaga vikombe vitatu vya maji, kisha tunatoka kuoga." Hesabu naye kwa sauti. Cha tatu kikimwagwa, simama palepale na umfunike taulo. Ukiongeza cha nne kwa huruma, umemfundisha kwamba tatu haina mwisho, na kesho mtamwaga kumi. Jana na kesho mpaka miaka mitatu na zaidi ataendelea kuzichanganya: "kesho" yake inaweza kuwa wiki iliyopita. Usimsahihishe kila mara, rudia tu kwa usahihi: "Ndiyo, jana tulikwenda kwa shangazi."

Kisha kuna "usi". Tunasema "usikimbie", "usimwage", "usipande". Masikioni mwake vitendo anavyovijua ni kimbia, mwaga, panda, na kile kikatazo kidogo cha mbele kinapita haraka, hasa mtu akipiga kelele. Tena hata akikisikia, hakijamwambia afanye nini. Badala ya "usimwage" sema "shika kwa mikono miwili". Badala ya "usikimbie" sema "tembea, nishike hapa". Badala ya "usipande" sema "shuka, miguu chini". Liweke "hapana" kwa ajili ya moto, barabara na maji, ili likisikika lishtue.

Nyumba nyingi za Uganda zina lugha mbili au tatu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini katika nyumba za Jinja, Gulu au Kasese mtoto hasikii sheria, anasikia watu. Kitu ni kimoja, lakini maji ni ya mama, mazzi ya Kiganda ni ya jaja (bibi au babu), pii ni ya jirani Mwacholi. Anaweza kukataa kabisa kusema mazzi kwa mama yake, kwa kuwa neno hilo ni mali ya jaja. Akichanganya mawili katika sentensi moja hajachanganyikiwa. Mjibu kwa lugha yako ya kawaida, sentensi nzima, uendelee na kazi.

Jaja kwenye simu

Hili ni dogo lakini hutokea kila Jumapili. Jaja anapiga kutoka kijijini, anauliza, "Mjukuu wangu, umekula?" Mtoto anatikisa kichwa kwa nguvu. Kimya. "Umekula, mwanangu?" Anatikisa tena, na safari hii anainua kiatu chake kipya kuielekea simu. Jaja anadhani simu imekatika.

Mtoto anaamini kwamba anachokiona yeye kila mtu anakiona. Usimfokee aseme. Mnong'oneze jaja mapema aulize maswali yasiyojibika kwa kichwa: "Umekula nini?" huleta neno "posho", na neno likishatoka mengine hulifuata. Wewe kazi yako ni kutangaza: "Jaja, ananionyesha kiatu. Kina rangi ya bluu." Dakika mbili zinatosha.

Imani hiyo hiyo ndiyo inayomfanya ajifiche kwa kufunika macho, mwili mzima uko wazi katikati ya chumba. Mtafute kwa sauti. Angalia chini ya kiti, nyuma ya pazia, ndani ya ndoo. Akifunua macho, shangaa.

Choo cha shimo

Hapa hofu ya mtoto ni ya haki kuliko tunavyokubali. Mtu mzima anaona tundu dogo katika sakafu ya saruji. Mtoto anaona shimo jeusi lisilo na mwisho, lenye harufu na mwangwi, na anaombwa achuchumae juu yake. Miguu yake ni mifupi, kwa hiyo kuitanua juu ya tundu hilo anakaribia kupasuka msamba. Akilia mlangoni, ana sababu.

Usianze mpaka uone dalili: anakaa mkavu saa mbili mfululizo, anakwenda pembeni na kunyamaza anapojisaidia, anaweza kuvuta suruali chini mwenyewe, na anakuambia hata kama ni baada ya tendo. Kwa wengi hili huja kati ya miezi 18 na miaka mitatu. Hatua zenyewe huenda hivi:

1. Nunua poti yenye kitako kipana isiyopinduka. Wiki ya kwanza iwe kiti chake tu, akiwa na nguo, mahali pale pale.
2. Wiki ya pili mkalishe bila nguo dakika tatu baada ya kuamka na baada ya kila mlo. Zaidi ya dakika tano ni adhabu.
3. Akipata, nendeni pamoja mkakimwage chooni. Mwache aseme kwaheri. Kwako ni uchafu, kwake ni kitu alichokitengeneza kwa mwili wake, na kukitupa ghafla kunamhuzunisha. Kinyesi cha mtoto nacho hueneza magonjwa, basi kisitupwe kichakani.
4. Oshaneni mikono kwa sabuni, nyote wawili, kila mara.
5. Akizoea, poti ihamie karibu na mlango wa choo, kisha ndani. Kuchuchumaa juu ya tundu kungoje mpaka miguu imruhusu, na mpaka hapo aingie akiwa ameshikwa. Mfuniko wa tundu ubaki juu yake wakati wote lisipotumika.

Akirudi nyuma wiki mbili kwa sababu kumezaliwa mdogo wake au mmehama, rudi naye hatua moja bila maneno mengi.

Njia ya kwenda dukani

Duka liko mita 300. Wewe peke yako, dakika nne. Na yeye, dakika ishirini, kwa kuwa wewe unakwenda dukani na yeye anakwenda njiani. Kuna chungu. Kuna kifuniko cha soda kilichokandamizwa na matairi. Msimu wa kumbikumbi kuna mabawa yaliyomwagika chini ya taa ya barazani, na hayo hayapitiki bila kukaguliwa.

Kama una haraka, mbebe na usijaribu kumkokota. Kama una nafasi, mwahidi vituo vitatu na avichague yeye. Mpe kazi: abebe sabuni wakati wa kurudi. Mwenye mzigo hatembei ovyo. Pasipo njia ya waenda kwa miguu tembeeni upande wa kulia, mkitazamana na magari, yeye akiwa upande wa majani na wewe upande wa barabara. Mshike kifundo cha mkono, maana vidole huteleza. Bodaboda inayokuja yeye anaiona kama kitu kinachokua, hawezi kukadiria itafika lini, na kwa miaka mingi bado hataweza.

Viatu vikiwa kulia-kushoto, hilo kwake si kosa. Vyote viwili vimeingia. Chora nusu ya ndizi ndani ya kiatu cha kushoto na nusu ya pili ndani ya cha kulia, kwenye kingo zinazogusana. Viatu vikikaa sawa ndizi inakuwa nzima, na unajua anavyofikiri kuhusu ndizi nzima.

Mgeni mkikutana naye njiani huinama ghafla, uso mkubwa unashuka kutoka mawinguni, sauti iko juu, mkono unamfuata shavuni. Mtoto akijificha nyuma ya gauni la gomesi la mama, watu husema hana adabu. Mwombe mgeni akusalimu wewe kwanza, na asimtazame mtoto kwa dakika moja. Mtoto mwenyewe atatoa kichwa. Kupunga mkono kuhesabiwe kuwa salamu kamili. Kupiga magoti atajifunza kwa kuwaona dada zake, na msishangae mkimkuta uani amempigia magoti mbuzi.

Akigaragara chini

Hata ukifanya yote haya kuna siku atajitupa chini. Pitia haraka: njaa, usingizi, joto, nguo iliyolowa, homa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku pamoja na ule wa mchana, na mengi yanayoitwa tabia mbaya saa kumi jioni ni usingizi wa mchana uliorukwa. Mwondoe penye hatari. Keti chini karibu naye, usimshike akikataa. Sema maneno manne, si zaidi: "Ulitaka kile. Umekasirika. Nipo." Usimweleze sababu, kwa sababu wakati huo hasikii sababu. Akishaanza kwikwi mpe maji, kisha mrudi kwenye kazi mliyoiacha. Kile alichokililia, kama ulikataa, kiendelee kukataliwa. Usimpige.

Akijigonga kwenye meza, tumezoea kuipiga meza: "Mbaya wewe!" Anafurahi, kwa kuwa anadhani meza ina nia. Lakini umemwonyesha kwamba anayekuumiza hupigwa, na wiki ijayo atakayepigwa ni mtoto wa jirani. Puliza palipouma, utaje kilichotokea: "Umegonga kichwa mezani. Panauma hapa."

Si kila tofauti ni ya umri. Mpeleke kituo cha afya, au zungumza na mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, kama hajatembea kufika miezi 18, kama hajaunganisha maneno mawili ("mama njoo", "maji yamekwisha") kufika miaka miwili, kama haitiki jina lake, au kama amepoteza maneno au ujuzi aliokuwa nao. Hili la mwisho usilingoje hata wiki.

Jua likizama

Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, giza la Kampala huja karibu saa ile ile mwaka mzima: jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache. Mtoto hajui kusoma saa lakini jua analiona, basi lifanye kengele. Liking'aa kwenye mabati, mchezo wa maji umekwisha. Likigusa miti, chakula. Likishuka, kuoga, chandarua, kulala. Mpangilio ukiwa huo huo kwa wiki mbili, ataanza kukutangazia yeye.

Chandarua kinachoshuka gizani ni kizuka. Mfungulie mchana, mcheze ndani yake mara mbili tatu, mkiite nyumba yake, na usiku akichomeke mwenyewe upande mmoja wa godoro. Wewe chomeka zilizobaki. Mwezi ukionekana dirishani atasema umewafuata kutoka kwa shangazi. Mwitikie, muuage mwezi. Ataomba maji, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kwa sababu amekumbuka kwamba ukitoka hatakuona tena. Mwachie kikombe chekundu sakafuni kando ya kitanda, chenye maji ya mafunda mawili, akione kabla taa haijazimwa.